Taa ya eabegi (mfuko wa hewa wa usalama) kwenye Toyota Celica ya zamani: yanayosemwa na ukweli wake

"Ikiwaka, eabegi inaweza kukulipukia usoni muda wowote."

Kinyume chake. Kompyuta ya eabegi ikiona hitilafu kwenye nyaya zake, mara nyingi huuzima mfumo, wote au sehemu. Cha kuogopa ni siku utakayogonga, eabegi ikabaki imelala humo humo kwenye usukani.

"Basi eabegi imekufa, katafute nyingine."

Mara chache sana. Celica ya kizazi cha saba (1999 hadi 2006) ina milango miwili tu pembeni, kwa hiyo kila anayekaa nyuma lazima kiti cha mbele kisogezwe. Kama gari lina eabegi za pembeni, soketi ya njano chini ya kiti hicho imevutwavutwa kwa zaidi ya miaka ishirini. Anzia hapo. Mshukiwa wa pili ni utepe wa waya uliojiviringisha nyuma ya usukani, unaojikunja na kujikunjua kila unapokata kona. Honi nayo inapita humo. Taa ikiwaka na honi ikawa bubu, karibu umeshapata jibu. Na kama mwenye gari wa kwanza alifunga usukani mdogo wa mashindano, hakuna fumbo: eabegi iliondoka na usukani wake.

"Chomoa betri, itajizima."

Msimbo wa hitilafu, yaani namba ambayo kompyuta huhifadhi ikiona kasoro, mara nyingi unabaki kwenye kumbukumbu hata umeme ukikatika. Betri inachomolewa kwa sababu nyingine: Toyota wanataka usubiri angalau sekunde 90 baada ya kuichomoa kabla ya kugusa nyaya za eabegi, maana mfumo una akiba yake ya umeme. Na usipime eabegi yenyewe kwa mita; umeme mdogo wa mita unaweza kuilipua.

"Kifaa chochote cha kusoma misimbo kinatosha."

Vile vya bei rahisi vingi vinasoma injini tu. Celica haikulazimishi kununua kingine. Kwenye soketi ya kupimia chini ya dashibodi, unganisha tundu la 4 na la 13 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga stata, kisha hesabu mimweko ya taa. Mmweko mmoja, kimya kidogo, mimweko minne: hiyo ni 14, mzunguko wa eabegi ya dereva umekatika, na utepe wa usukani ndio wa kutazamwa kwanza. Ikimweka mfululizo bila kupumzika, hakuna msimbo. Hesabu matundu mara mbili kabla ya kuchomeka waya. La 16 lina moto wa betri, na la 4 ni ardhi (upande hasi). Ukiyaunganisha hayo utapata kazi nyingine.

"Taa haiwaki, kwa hiyo eabegi ni nzima."

Hii ndiyo inayowaponza wanunuzi. Niliwahi kwenda kuangalia gari ambalo taa ya eabegi ilizima sekunde ile ile na taa ya betri, injini iliponguruma. Mtu alikuwa ameziunga. Wengine hutoa balbu, au hufunga rezista (kipande cha kuzuia umeme) ya omu mbili hivi mahali pa eabegi, na kompyuta inaridhika kabisa. Washa swichi, usipige stata, hesabu: taa iwake kama sekunde sita, izime yenyewe. Ikisubiri injini, au isipowaka kabisa, kuna mkono wa mtu. Rezista lakini haitaonekana kwa njia hii. Hapo mpaka usukani ufunguliwe.

Halafu kuna jambo ambalo taa haikuundwa kulijua. Inapima umeme, haipimi baruti. Eabegi za kampuni ya Kijapani ya Takata zilizotumia amonia naitreti huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na zikilipuka zinaweza kurusha vipande vya chuma kwa dereva, huku taa ikiwa imezima muda wote. Honda S2000, Mazda RX-8 na Subaru Impreza ni kati ya magari yaliyoitwa kurudishwa kwa ajili hiyo. Kwa gari lililokaa Tanga au Mombasa, angalia namba ya chesisi kwenye ukurasa wa mtengenezaji, na kama liliuzwa kwa soko la Japani, tumia ukurasa wao wa Japani. Namba ya gari la soko hilo si ya herufi na tarakimu 17 kama ya Ulaya. Ya Celica huanza na ZZT230 au ZZT231, kistari, kisha tarakimu saba.