Hicho kiota ni cha nani?

Mvua za vuli zikianza tu, simu za watu kuniuliza habari za ndege nazo huanza. Safari hii alipiga mama mmoja mwenye nyumba Magomeni. "Mwanangu, hawa mbayuwayu wako wametoka Ulaya kuja kunichafulia ukuta. Nimwite fundi abomoe?"

Nikaenda. Kwenye nyaya za umeme walikuwa wamejipanga mbayuwayu wa Ulaya kweli, koo rangi ya kutu, mkia wa panda. Lakini kiota kilichokuwa chini ya upenu si chao. Hao hujenga kwao, kwenye mabanda ya ng'ombe, kisha huja huku kuanzia Septemba kula na kubadili manyoya. Ikifika Aprili wengi wameshaondoka. Hapa Dar hawatagi.

Mimi humtambua mwenye kiota kwa vifaa alivyojengea. Tope ni la mbayuwayu wa hapa hapa: nusu kikombe chini ya daraja, au kibuyu kilicholazwa chenye shingo, ambacho ni cha yule mwenye kichwa chekundu na michirizi kifuani. Mabonge ya manyoya na nyasi yaliyosongamana chini ya zege la ghorofa ni ya teleka.

Teleka watu humwita mbayuwayu pia, ila hawana udugu. Miguu yake ni mifupi mno, hata kwenye waya hatui; akichoka hung'ang'ania ukuta. Basi tope atalichota wapi? Hudaka manyoya yanayopeperuka hewani na kuyagandisha kwa mate yake. Binamu yake wa Marekani hukwanyua vijiti akiwa anaruka, akavibandika kwa mate ndani ya dohani. Zamani alitumia miti yenye mapango. Sisi dohani hatuna, tuna maghorofa.

Anayenishangaza zaidi ni teleka wa minazi. Hubandika kijipedi cha manyoya chini ya kuti linaloning'inia, kisha mayai yenyewe, kwa kawaida mawili, nayo huyagandisha kwa mate. Huatamia akiwa amesimama wima, kuti likiyumba na upepo wa bahari. Nimewatazama mara nyingi, bado sijazoea.

Turudi Magomeni. Kiota kilikuwa kibuyu cha tope, kazi safi, lakini mlangoni yalichungulia manyoya meupe. Nikasubiri. Akachomoka ndege mweusi, kiuno cheupe, mabawa kama mundu: teleka! Yupo wa aina hiyo ambaye hajengi akikuta kilichojengwa. Humfukuza mwenyewe na kuhamia.

Nikamshauri mama apigilie ubao chini yake wa kukinga kinyesi, asubiri makinda yaruke.

"Kwa hiyo huyu ni mvamizi?"

"Ndiyo, mama."

"Na aliyejenga yuko wapi?"

Nikamwonyesha ukuta wa jirani. Alikuwa pale, mdomo umejaa tope, anaanza upya.