Mshipa wa shingo ukiwa mwembamba: kupasuliwa au kuwekewa stenti?

Kikombe cha chai kinaponyoka mkononi, mdomo unapinda, maneno yanavurugika. Baada ya dakika kumi mtu yuko sawa na anasema ni uchovu tu. Sio uchovu. Hicho ni kiharusi cha kupita, na mara nyingine chanzo chake ni mshipa mkubwa wa shingoni uliojaa mafuta yaliyoganda ukutani.

Kwenye upasuaji tunachana shingo, tunaubana mshipa, tunaufungua na kuyabandua mafuta hayo: magumu, ya njano, yenye chembechembe kama chokaa. Wagonjwa wengine hupigwa ganzi ya shingo tu, wakabaki macho. Mkono wa upande wa pili hushikishwa mdoli wa mpira unaolia ukibinywa. Mdoli ukinyamaza, tunajua ubongo umekosa damu, tunaweka haraka kimrija cha kuipitisha.

Stenti haiachi kovu shingoni. Mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa kinena hadi shingoni, kisha stenti yenyewe, kijineti cha waya, hutanuliwa kushikilia njia. Shida ni kwamba vipande vya mafuta vinaweza kung'oka vikapanda kwenye ubongo, ndiyo maana mara nyingi hutangulizwa kichujio mfano wa mwavuli.

Utafiti wa CREST wa Marekani na Kanada, uliotolewa 2010, ulilinganisha njia hizi kwa watu 2,502. Katika kipindi cha matibabu, kiharusi kiliwapata asilimia 4.1 ya waliowekewa stenti na 2.3 ya waliopasuliwa. Shambulio la moyo likawa kinyume: 1.1 kwa 2.3. Umri nao uliamua. Kuanzia miaka 70 hivi, upasuaji ulikuwa na nafuu zaidi.

Kwa hiyo mzee wa miaka 78 mwenye moyo imara, mimi ningempasua. Aliyewahi kupigwa mionzi ya saratani shingoni, stenti inamfaa zaidi. Asiye na dalili yoyote, mara nyingi tunaanza na dawa za presha na kolesteroli, aspirini, na kuacha sigara.

Aliyepata dalili asingoje miezi. Faida kubwa ya upasuaji iko ndani ya wiki mbili za kwanza. Na muulize daktari wako bila aibu: umeshafanya wangapi, na wangapi kati yao walipata kiharusi?