Vikao vya kumbukumbu za wazee si hela ya kutupa
Hapa Tanga wapo wanaosema kuwakusanya wazee wakumbushane enzi za mkonge ni hasara tu, kwa kuwa demensia, maradhi ya ubongo yanayowapotezea kumbukumbu, haina tiba. Kweli haina. Ila gharama yake si dawa pekee. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 iliigharimu dunia dola trilioni 1.3, na karibu nusu ni kazi ya ndugu wanaouguza bila malipo, takriban saa 5 kwa siku. Mzigo huo, jamani, wanaubeba zaidi wanawake. Binti wa Ngamiani anayefunga genge ili asimwache mama peke yake anapoteza kipato. Mama akiwa kikaoni, akiangaliwa vizuri na kuchangamka, genge liko wazi na nyanya zinauzwa kabla hazijaoza.