Mita janja ni nini hasa

Mji unapotangaza kwamba mita zote za umeme na maji zitaondolewa na kufungwa mita janja, wakazi wengi huuliza jambo moja tu: bili itapanda? Mara nyingine hupanda, na sababu zake zinaeleweka. Ila kwanza tujue kinachofungwa ukutani ni kitu gani, maana jina hili limebandikwa kwenye vifaa vya kila aina.

Mita janja hupima matumizi kwa vipindi vifupi, mara nyingi vya dakika 15, dakika 30 au saa moja. Huhifadhi hesabu ya kila kipindi, kisha huituma yenyewe kwa mtoa huduma. Pia hupokea: bei mpya, marekebisho ya programu, amri ya kukata au kurudisha huduma. Hapo kwenye kupokea ndipo inapoachana na mita nyingine. Kuna mita ambazo msoma mita hupita mtaani na gari na kuzoa namba zake kwa redio bila kushuka. Hizo zimempunguzia mwendo, lakini kwa kuwa hutuma tu na hazipokei kitu, bado hazijawa janja.

Kioo chenye namba si dalili pia. Mita nyingi za kielektroniki zina kioo na haziwasiliani na mtu yeyote. Wala tokeni si dalili. Mita ya kulipia kabla hukata umeme uniti zikiisha, na watu huiona kama ina akili, lakini mita ya kawaida ya tokeni haina habari ya ulimwengu wa nje zaidi ya zile namba unazobonyeza.

Jambo hilo lilionekana wazi mwaka 2024. Mfumo wa tokeni za tarakimu 20 ulianzia Afrika Kusini miaka ya 1990 na leo unatumika katika nchi nyingi. Kila tokeni hubeba alama ya muda, yaani idadi ya dakika zilizopita tangu mwanzo wa mwaka 1993, ili tokeni iliyokwisha kutumika isiingizwe tena. Nafasi iliyotengewa hesabu hiyo ilitosha dakika 16,777,216 tu, na zilikuwa zinaisha Novemba 24, 2024. Baada ya siku hiyo, mita ambayo haijarekebishwa ingekataa tokeni zote mpya. Dawa yenyewe ilikuwa nyepesi: kuingiza tokeni mbili maalumu, tarakimu 20 kisha 20 nyingine, mita ianze hesabu upya. Tatizo ni kwamba hakukuwa na njia ya kuzifikisha isipokuwa kidole cha mtu. Kazi ambayo mita janja ingepelekewa kutoka ofisini usiku mmoja ikalazimu mamilioni ya nyumba kubonyeza moja baada ya nyingine, na nyumba iliyofungwa mwenyewe akiwa safarini ikabaki ikimsubiri.

Mita ya kulipia kabla inaweza kuwa janja vilevile. Ikiwa hivyo, unalipa kwa simu na uniti zinaingia zenyewe.

Ujanja wenyewe, basi, hauko kwenye kupima. Mita ya zamani ya umeme, ile yenye kisahani cha alumini kinachozunguka nyuma ya kioo, hupima vizuri kabisa. Nguvu za sumaku kutoka koili mbili hukisukuma kisahani kwa kasi inayolingana na umeme unaopita, na meno ya gia huhesabu mizunguko. Kilichobadilika ni mara ngapi namba inachukuliwa na inakwenda wapi. Mita inayosomwa mara moja kwa mwezi hutoa namba moja. Mita ya dakika 15 hutoa namba 96 kwa siku, 2,880 kwa mwezi wa siku 30.

Namba hizo husafiri kwa njia kadhaa. Mita nyingine zina laini ya simu ndani. Nyingine hupokezana ujumbe kwa redio, nyumba hadi nyumba, mpaka kwenye kikusanyio kilichofungwa juu ya nguzo. Italia ilichagua njia ya tatu: kampuni ya umeme ya Enel ilianza kazi mwaka 2001, na katika miaka kama mitano ikafunga mita zaidi ya milioni 30 zinazotuma ujumbe kwenye nyaya zilezile za umeme hadi kwenye transfoma. Njia unayochagua hukufunga kwa muda mrefu. Nchini Uingereza mita nyingi za kizazi cha kwanza zilipoteza ujanja wake mteja alipohama kampuni moja kwenda nyingine, kwa sababu kampuni mpya haikuweza kuzungumza nazo. Mita ikawa ya kisasa ukutani, na bili ikarudi kwa mtu kusoma namba kwa macho.

Kwa mtoa huduma wa umeme faida ni nyingi, na tuseme ukweli, yeye ndiye wa kwanza kufaidika. Bili za kukadiria zinapungua. Umeme ukikatika, mita nyingi zina akiba ndogo ya chaji inayotosha kutuma ujumbe mmoja wa mwisho kabla ya kuzima, hivyo ofisi inajua mtaa gani umeingia giza kabla mtu hajapiga simu. Na wizi unaonekana. Tuseme transfoma imefungiwa mita yake na imetoa uniti 1,000, huku nyumba zote inazozihudumia zimesoma jumla ya 780. Sehemu ya hizo 220 imepotea kama joto kwenye waya. Nyingine, kuna mtu kajiunganishia.

Upande wa maji ndiko mkazi anapofaidika zaidi, kwa maoni yangu. Mita ya umeme hupata nguvu kwenye waya inaoupima, ila ya maji huishi kwa betri inayotakiwa kudumu miaka mingi shimoni, kwa hiyo hutuma ujumbe kwa ubahili, pengine mara chache kwa siku. Hata hivyo inatosha. Angalia saa 8 usiku hadi saa 10 alfajiri, watu wote wamelala. Nyumba isiyovuja itaonyesha sifuri walau kwa saa moja hapo katikati. Isipofika sifuri usiku baada ya usiku, kuna maji yanakwenda mahali. Mara nyingi ni tangi la choo, ambalo huvuja bila sauti: lita 20 kwa saa hazisikiki, lakini ni lita 480 kwa siku, na kwa mwezi ni lita 14,400, yaani uniti 14 na zaidi. Kwa mita ya zamani ungelijua hilo bili ikifika. Mita janja inaweza kutoa onyo baada ya siku moja au mbili.

Baadhi ya mita hizi za maji hazina kitu kinachozunguka. Vihisi viwili hupigiana sauti isiyosikika kwa sikio, kimoja kikielekeza upande maji yanakokwenda na kingine upande yanakotoka. Sauti inayofuata mkondo hufika mapema kidogo kuliko inayoupinga, na tofauti hiyo ndiyo kasi ya maji. Hapa kuna nafuu kwa wanaopata maji ya mgawo. Maji yakirudi bombani baada ya kukatika, hewa iliyotangulia huzungusha mita ya kawaida kwa kasi na mteja akauziwa upepo. Mita ya sauti kwa kawaida hutambua bomba likiwa tupu na kuacha kuhesabu.

Sasa bili. Mita za maji zenye vipande vinavyozunguka huchakaa, na zikichakaa husoma pungufu, hasa maji yanapopita kidogokidogo. Lile tangi la choo pengine halikuwahi kuhesabiwa hata siku moja. Mita mpya inakuja, inahesabu kila kitu, na bili inapanda ilhali hujabadilisha chochote. Mtoa huduma hajakuibia, lakini anajua mapema kwamba jambo hili litatokea, na asipowaambia wakazi kabla ya kufunga, malalamiko yatakayofuata ni halali yake.

Mita mpya nazo hukosea. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, walichapisha majaribio ya mita za kielektroniki zilizounganishwa na taa za LED na taa za kuokoa umeme zenye swichi za kupunguza mwanga. Vifaa hivyo huuvuta umeme kwa mapigo makali badala ya wimbi laini, na vihisi vya baadhi ya mita vikachanganyikiwa. Mita iliyokosea zaidi ilisoma asilimia 582 juu ya matumizi halisi, na nyingine zilisoma pungufu. Hali ya maabara haiko katika kila nyumba, lakini mteja anayedai mita yake ipimwe upya asichekwe.

Linalonishughulisha mimi zaidi ni zile namba 2,880 za kila mwezi. Nyumba ina mwendo wake wa siku, na umeme huufuata. Friji huwaka na kuzima kwa zamu zake, pasi na birika huruka juu ghafla, hita ya maji hupanda na kukaa. Miaka ya 1980 mtafiti George Hart, aliyekuwa chuo cha teknolojia cha MIT nchini Marekani, alionyesha kwamba ukiusoma umeme mahali pamoja tu, kwenye mita, unaweza kutenganisha kifaa kimoja na kingine bila kuingia ndani, na yeye mwenyewe akaonya kwamba hilo ni aina ya upelelezi. Hesabu ya dakika 15 si kali kiasi hicho. Haitakwambia ni birika au ni pasi. Itakwambia watu wameamka saa ngapi, nyumba imekaa tupu siku ngapi, na kama kuna mtu anayekesha.

Kesi maarufu ya jambo hili ni ya mji. Naperville, katika jimbo la Illinois, Marekani, una shirika lake la umeme, na ulifunga mita za dakika 15 kwa wakazi. Baadhi yao wakashtaki. Agosti 2018 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaamua mambo mawili kwa pamoja: kwamba mji kukusanya namba hizo ni sawa na kuipekua nyumba ya mtu, na kwamba upekuzi huo ulikubalika, kwa kuwa lengo lilikuwa kuendesha huduma ya umeme, si kutafuta wahalifu. Majaji wakaongeza kwamba vipindi vikiwa vifupi zaidi, au polisi wakiweza kuzifikia namba hizo kwa urahisi, uamuzi unaweza kubadilika. Uholanzi nako, mwaka 2009, baraza la juu la bunge liliukataa mpango wa kumlazimisha kila mtu kufunga mita janja, faragha ikiwa hoja kubwa, na serikali ikalazimika kurudi na mpango wa hiari.

Kwa hiyo maswali ya kuuliza kwenye mkutano wa mtaa ni ya kawaida kabisa. Mnachukua usomaji kila baada ya muda gani? Mnautunza miaka mingapi? Nani mwingine anauona? Na mimi mwenyewe, nauona wapi? Hilo la mwisho ndilo wengi husahau kuuliza, nalo ndilo linaloamua kama ule mvujo wa choo utajulikana kwako au utabaki kwenye seva ya mtu.

Lipo pia suala la kukata. Zamani kukata umeme kulihitaji fundi aje mlangoni, na fundi aliyekuja mlangoni unaweza kumwonyesha risiti. Ndani ya mita janja ya umeme mara nyingi kuna swichi inayofunguliwa kutoka ofisini, na baadhi ya mita za maji zina vali. Kurudisha huduma kunakuwa haraka vilevile, dakika chache badala ya siku mbili, lakini kosa la kompyuta halipiti tena mbele ya macho ya mtu kabla halijafika kwako. Mji makini huandika kanuni: taarifa itolewe siku ngapi kabla, isikatwe usiku wala mkesha wa sikukuu, na nyumba yenye mgonjwa anayetegemea mashine iorodheshwe mapema.

Kuhusu mionzi ya mita hizi, ambayo wengine huihofia, nisikuchoshe. Ni mawimbi ya redio, ya jamii ileile ya simu iliyo mfukoni mwako, na hutumwa kwa muda mfupi sana.

Siku mafundi watakapofika kwako, piga picha ya mita ya zamani kabla haijafunguliwa, namba yake na usomaji wake wa mwisho vionekane. Piga na ya mita mpya inavyoanza. Kioo cha mita janja ya umeme hubadilisha kurasa. Kwenye nyingi, ukurasa wenye alama 1.8.0 ni jumla ya uniti ulizotumia, na 2.8.0 ni ulizorudisha kwenye gridi kama una sola. Linganisha hiyo ya kwanza na bili ya mwezi wa kwanza. Halafu uliza mita ya zamani inapelekwa wapi na itatunzwa kwa muda gani, kwa sababu ukija kubishia bili yake ya mwisho baada ya kupelekwa kwenye vyuma chakavu, hakutakuwa na kitu cha kupimwa.