Je, kunguru wa shingo ya kijivu ni wa hapa tangu zamani?

Wengi tuliokulia Dar es Salaam, Mombasa au Unguja tumeamini kwamba kunguru mwenye shingo ya kijivu ni wa pwani hii tangu enzi, na kazi yake ni kusafisha mji tu. Si ajabu kuamini hivyo, maana tangu utotoni tunamwona jalalani.

Kwa asili ndege huyu ni wa Bara Hindi. Aliletwa Unguja miaka ya 1890, kweli ili apunguze taka. Kunguru wa asili wa huku ni yule mwenye kifua cheupe. Yule mgeni haishii kwenye taka: hula mayai na makinda ya ndege wengine, hata vifaranga vya kuku, kama wafugaji wa uswahilini wanavyojua vizuri. Kwa hiyo ndege wadogo kama chozi na shore wakiadimika uani, huenda hawakuhama kwa hiari. Kukatwa kwa miti nako kunachangia, na mimi hilo linaniuma zaidi.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe kama ndege wa kwenu wanapungua. Kaa mahali pamoja dakika 10, asubuhi ya saa ile ile, mara moja kwa wiki. Andika kwenye daftari kila ndege uliyemwona na idadi yake. Kumbukumbu pekee haitoshi. Linganisha masika na masika, si masika na kiangazi, kwa kuwa ndege hubadilika na mvua. Na waulize wazee wa mtaa ni ndege gani waliokuwa wakijenga viota kwenye miembe ya hapo.