Je, wajua? Simu iliyozimwa data hujuaje yanayotokea kwenye mchezo wa anga za juu

Mpwa wangu ni nahodha wa boti ya kioo hapa Malindi. Huwapeleka wageni kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari, ile iliyotengwa tangu 1968. Siku moja maji yalikuwa yamekupwa, tumetia nanga huku wageni wakiogelea, simu yake ikalia ndani ya mfuko wa nailoni anaoifungia isiingie maji. Akaitazama, akatabasamu.

"Mjomba, rubani wangu amemaliza somo lake."

Rubani huyo yumo ndani ya EVE Online, mchezo wa mtandaoni wa vyombo vya anga uliotolewa Mei 2003 na kampuni ya CCP Games ya Reykjavík, Aislandi. Hilo nilikuwa nalijua. Kilichonishika ni kwamba data ya simu ile alikuwa ameizima tangu asubuhi ili bando lisiliwe bure, na kompyuta yake aliiacha imezimwa nyumbani Shela (Shela ya hapa Malindi, si ya Lamu). Hapakuwa na uzi wowote kati ya simu ile na mchezo. Basi ilipata wapi habari?

Jibu linaanzia kwenye jinsi mchezo wenyewe ulivyoundwa. Michezo mingi ukiizima, dunia yake nayo hulala. EVE hailali. Wachezaji karibu wote wa dunia wamo katika ulimwengu mmoja, unaoishi kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya mchezo, iitwayo Tranquility huko London, na ulimwengu huo unakwenda uwepo usiwepo. Watu wananunua na kuuza, viwanda vinatengeneza vyombo, na marubani wanasoma.

Kusoma huko ndiko kulikozaa programu za simu za kufuatilia mchezo, kwa hiyo tukutazame kwa karibu. Kila ujuzi una ngazi tano. Kwa ujuzi mwepesi kabisa, ngazi ya kwanza inataka pointi 250, ya tatu pointi 8,000, na ya tano pointi 256,000. Pointi hizi huingia zenyewe kadiri muda unavyopita. Tuseme rubani anapata pointi 30 kwa dakika, yaani 1,800 kwa saa. Kutoka ngazi ya nne, yenye pointi 45,255, hadi ya tano, zimebaki pointi 210,745. Gawanya kwa 1,800 upate saa 117, karibu siku tano. Na huo ndio mwepesi. Ujuzi mgumu mara nane unachukua siku 39, na hakuna kubonyeza haraka haraka kutakakoufupisha.

Je, seva inakaa inahesabu pointi moja moja za kila mchezaji usiku na mchana? Haina haja. Inatosha kuandika mambo mawili: somo limeanza lini, na litaisha lini. Mtu akiuliza katikati, hesabu inafanywa pale pale kutokana na saa. Hapo ndipo fumbo la boti linapofunguka. Alfajiri, kabla hajazima data, mpwa wangu alifungua programu yake. Programu ikauliza seva, ikajibiwa kwamba somo litaisha saa fulani, ikaiandika saa hiyo, ikajitegea kengele. Baada ya hapo haikuhitaji kuuliza tena. Simu haikupokea habari yoyote baharini. Ilikuwa nayo tangu alfajiri, inangoja wakati wake tu.

Wenzetu wa Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, wanalijua jambo hili miaka mingi. Kwenye majukwaa ya San Marco yaliyosimikwa baharini pale, tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa setilaiti ikapewa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa kazi ya kutazama nyota kwa mionzi ya eksirei, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya mionzi hiyo. Naona fahari kila ninapolitaja. Sasa, Uhuru ilikuwa ikizunguka dunia kwa takriban dakika 96. Ukishajua njia yake na mwendo wake, huna haja ya kuiona ili useme itachomoza saa ngapi. Unapiga hesabu, unageuza antena, unaingoja. Programu ya simu ni kituo cha ardhini cha namna hiyo. Chombo hakimo mkononi mwako, lakini saa zake unazo.

Haikuwa rahisi hivi tangu mwanzo. Kabla ya Machi 2009 mchezo haukuwa na foleni ya masomo. Somo likiisha ilibidi uingie mwenyewe uanzishe jingine, la sivyo rubani anakaa bure. Somo linaloisha saa tisa usiku lilimtoa mtu kitandani. Foleni ilipoletwa iliwapa watu usingizi, na baadaye ikaongezwa urefu. Ungedhani haja ya programu za pembeni ingekwisha hapo. Haikwisha, kwa kuwa mchezo una saa nyingine nyingi: mitambo ya kuchimba kwenye sayari, kazi za viwandani, muda wa bidhaa kukaa sokoni, muda ambao ngome iliyopigwa itaweza kupigwa tena.

Na kusahau kuna gharama yake. Januari 2014, katika mfumo wa nyota wa mchezo huu uitwao B-R5RB, ada ambayo kundi la wachezaji hulipa ili kumiliki eneo haikulipwa kwa wakati. Adui akaona mlango u wazi. Vita vilivyofuata vilichukua takriban saa 21, vikahusisha zaidi ya wachezaji 7,500, na vyombo 75 vya aina ya Titan, vile vikubwa kuliko vyote, vikateketea. Thamani ya hasara ilikadiriwa kuwa dola 300,000 hivi za Marekani. Msongamano ulikuwa mkubwa hata seva ikapunguza mwendo wa muda hadi sehemu moja ya kumi ili isizidiwe. Mabaki ya vita yaliachwa pale pale angani yawe kumbukumbu. Yote hayo yalianzia kwenye bili moja.

Programu nyingi za simu za mchezo huu zilitungwa na wachezaji wenyewe, kama Aura ya Android na Neocom ya iPhone, kabla na baada ya CCP kutoa ya kwao iitwayo EVE Portal. Mtu atauliza: mchezaji asiyemjua mwenzake anampaje ufunguo wa akaunti? Hampi. Ukitaka kuunganisha programu, inakupeleka kwenye ukurasa wa CCP wenyewe, unaingiza neno lako la siri huko, kisha unaonyeshwa orodha ya vitu ambavyo programu inaomba kuviona: foleni ya masomo, salio, barua. Ukikubali, programu inapewa kibali cha muda mfupi kinachohuishwa kila mara, na neno la siri halilioni kabisa. Ni kama umruhusu ndugu yako asome taarifa ya M-Pesa yako bila kumtajia PIN. Ukibadili nia unakifuta kibali. Nami nasisitiza: programu yoyote inayokuomba uandike neno la siri ndani yake yenyewe, ifute.

Kuna mambo mawili yanayowachanganya wageni wa programu hizi. La kwanza ni saa. Mchezo unatumia saa ya dunia ya UTC kwa wote, nasi tuko mbele yake kwa saa tatu. Seva hupumzishwa kila siku saa 11:00 ya mchezo. Mpwa wangu ana njia yake: toa tatu upate saa ya Kiswahili. Kumi na moja kutoa tatu ni nane, na kweli seva inapumzika saa nane mchana. Vita vikipangwa saa 18:00, toa tatu, kumi na tano, toa kumi na mbili, ni saa tatu usiku, baada ya isha.

La pili ni habari iliyochacha. Ili seva isielemewe na maswali, majibu huhifadhiwa kwa muda na kutolewa yale yale. Bei za soko hukaa dakika 5, orodha ya mali hukaa saa nzima. Ukiuza kitu na simu bado inakionyesha ghalani, usihangaike kuifuta programu na kuiweka upya.

Tulirudi ufukweni maji yakianza kujaa. Wageni walipokwisha kushuka mpwa wangu akawasha data, na simu ikalia mara tatu mfululizo. Madini aliyoyaweka sokoni yalikuwa yamenunuliwa, mwenzake alimwandikia barua, na kituo chao kimoja kilikuwa kinashambuliwa.

"Na haya mbona haikukuambia kule mwambani?" nikamuuliza.

"Haya hayana saa, mjomba. Ni watu wameyafanya."

Akanipa kamba ya nanga niishike, akaanza kumjibu mwenzake.