Je, wajua kwa nini samaki aliyevuliwa mbele ya hoteli hugharimu zaidi mezani kuliko sokoni?

Familia inayokwenda kupumzika katika visiwa vya Ssese kwa mara ya kwanza hutarajia kwamba, kwa kuwa kisiwa kimezungukwa na Ziwa Viktoria pande zote, samaki ndiye atakayekuwa chakula rahisi kuliko vyote. Ndivyo nilivyodhani mimi pia tulipovuka kutoka Kampala na watoto wetu, tukiwa watu sita pamoja na mama yangu mzazi. Asubuhi ya kwanza tulisimama ufukweni tukawatazama wavuvi wakishusha sato kutoka mtumbwini. Mchana wa siku hiyohiyo sato wa ukubwa uleule aliletwa mezani petu kwa bei iliyokaribia mara tatu ya ile ambayo mama amezoea kulipa nyumbani. Mama aliitazama orodha ya bei, akaniinamia, akaniuliza kwa sauti ya chini: «Mwanangu, huyu samaki amesafiri kutoka wapi?»

Swali lake lilikuwa la haki, na jibu lake ndilo linaloweza kuiokolea familia fedha nyingi. Samaki hakusafiri, vilivyosafiri ni vitu vingine vyote vilivyokuwa juu ya meza ile. Wilaya ya Kalangala, ambayo ndiyo hivi visiwa vya Ssese, ni visiwa vitupu, 84 kwa jumla, na kilicho kikubwa kuliko vyote ni Bugala, ambako hoteli nyingi za ufukweni zimejengwa. Tangu katikati ya miaka ya 2000 sehemu kubwa ya ardhi ya Bugala imepandwa michikichi, kwa hiyo matoke (ndizi za kupika), unga wa posho, yaani ugali wetu, mchele, nyanya, vitunguu na kuku huletwa kwa wingi kutoka bara. Magari hutoka Masaka hadi Bukakata, hupanga foleni ya kivuko, kisha huteremka Luuku na kuendelea hadi mjini Kalangala. Kivuko chenyewe hakitozi nauli, lakini mafuta ya gari, ujira wa wapakiaji na nyanya zinazopondeka njiani vyote hulipwa na mtu, na mwishowe mtu huyo ni mlaji. Jambo lililonishangaza kuliko yote ni habari ya mafuta ya kupikia: mawese hukamuliwa kisiwani humohumo, husafirishwa hadi kiwandani Jinja kusafishwa, ndipo hurudi Kalangala yakiwa ndani ya chupa.

Hata bei ya samaki mwaloni, yaani pale mitumbwi inaposhushia samaki, haipangwi na umbali kati ya mtumbwi na jiko. Sangara, ambaye Waganda humwita mputa, aliingizwa katika ziwa hili miaka ya 1950, na leo minofu yake hununuliwa na viwanda vinavyouza nje ya nchi, hasa Ulaya, ilhali mabondo yake, yaani vifuko vya hewa vya tumboni, hutafutwa na wafanyabiashara wanaouza China. Mvuvi wa Ssese anapotaja bei anajua vyema kwamba nyuma ya mpishi wa hoteli amesimama wakala wa kiwanda mwenye fedha mkononi na barafu kwenye gari. Sato naye, yaani ngege, husubiriwa na wapenzi wake wa Kampala na Entebbe. Ukaribu wa maji huleta samaki mbichi zaidi, na huo ni utamu usio na mfano; haumshushi bei kwa kiasi kinacholingana.

Baada ya hapo huja gharama za jiko. Katika biashara ya mikahawa, si Uganda tu bali karibu duniani kote, kanuni inayofuatwa ni kwamba vitu vinavyoingia chunguni visizidi takriban asilimia 30 ya bei ya sahani. Kiasi kinachobaki hulipa mishahara, umeme, kuni au gesi, sabuni, vyombo vinavyovunjika na faida. Hoteli ya kisiwani ina mzigo wa ziada, kwa kuwa wageni hufurika Ijumaa hadi Jumapili, wakati wa Krismasi, Pasaka, Idi na likizo za shule, kisha siku za katikati ya wiki meza hubaki tupu huku wapishi wakiendelea kulipwa na majokofu yakiendelea kunguruma. Mezani huongezeka pia kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Uganda ni asilimia 18. Mazao ambayo hayajasindikwa yamesamehewa kodi hiyo yanapouzwa sokoni, lakini yakishapikwa na kuandaliwa na mfanyabiashara aliyesajiliwa, mlo hutozwa. Kwa sababu hiyo ni vyema kuuliza kabla ya kuagiza iwapo bei zilizoandikwa zimejumlisha kodi na ada ya huduma. Kwa familia ya watu sita tofauti hiyo peke yake yaweza kulipia mlo mwingine mzima.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, jambo linaloigharimu familia ya Uganda kuliko yote hayo ni namna ya kuhesabu chakula. Katika hoteli ndogo za Kampala, Masaka au mjini Kalangala kwenyewe, neno «chakula» lina maana yake maalumu: ni matoke, wali, posho, viazi vitamu, muhogo na boga. Mteja hulipia mchuzi, uwe wa maharagwe, karanga, nyama au samaki, na chakula huja pamoja nao bila kuhesabiwa peke yake, mara nyingi aina tatu au nne zikiwa zimejaa sahani moja. Tumekua tukila hivyo, na hesabu yetu ya bei imejengwa juu ya desturi hiyo. Hoteli ya kitalii hufuata desturi nyingine, ambayo kila kichwa huwa na sahani yake, kila sahani huwa na kitoweo chake kizima, na wakati mwingine chipsi, wali na kachumbari huandikwa kila kimoja kwenye mstari wake. Mtoto wa miaka mitano huletewa samaki mzima ambaye hawezi kumla hata nusu, naye analipiwa kama mtu mzima.

Mama ndiye aliyetuondoa katika hesabu hiyo. Siku ya pili, alfajiri, alikwenda hadi mlango wa jiko, akamsalimu mpishi kwa Kiganda kama inavyotakiwa, habari za usiku, za nyumbani na za kazi, ndipo akamweleza kwamba tuko sita na tungependa kula pamoja kama familia: sato wawili wakubwa wazima, sufuria ya mchuzi wa karanga, matoke yaliyofunikwa kwa majani ya mgomba, na posho kidogo. Mpishi alicheka kwa furaha, akasema, «Jjajja,» yaani bibi, «ungeniambia jana ningekuwekea na luwombo,» ule mchuzi unaopikwa ndani ya majani ya mgomba. Ilikuwa rahisi kwake kwa sababu posho na maharagwe hupikwa katika jiko hilo kila siku kwa ajili ya wafanyakazi, ingawa havikuandikwa katika orodha ya wageni. Pia mpishi anayejua tangu alfajiri ni watu wangapi watakula nini hununua kiasi kinachohitajika na hamwagi kitu. Tulilipa samaki wawili, mchuzi na kiasi kidogo cha chakula, badala ya sahani sita, na watoto walikula wakabakisha. Ninawashauri wote wanaosafiri na watoto wafanye vivyo hivyo, mradi waombe mapema na kwa adabu, na wakubaliane bei kabla moto haujawashwa.

Vinywaji vinastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa kuwa huagizwa kidogokidogo na hakuna anayevijumlisha. Siku ya kuondoka nilipopewa hesabu yetu niliona kwamba maji na soda vilikuwa vimeikaribia bei ya milo. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Watu sita, kila mmoja akinywa lita mbili kwa siku katika joto la ziwani, watatumia lita 36 kwa siku tatu, sawa na chupa 72 za nusu lita. Ikiwa kila chupa imezidi bei ya dukani kwa shilingi 1,500, familia imelipa shilingi 108,000 za ziada kwa maji peke yake. Madumu mawili ya lita 20 yaliyonunuliwa bara na kupakiwa kwenye gari yanatosha kwa siku hizo zote, na kila mtoto akapewa chupa yake ya kujazia. Hoteli nyingi hukataza vyakula na vinywaji kutoka nje au hutoza ada juu yake, lakini kwa maji ya kunywa ya watoto niliowauliza walikubali bila shida. Anayekosa nafasi ya kubeba na aombe jikoni maji yaliyochemshwa. Ya ziwa yasinywewe mabichi hata yakionekana meupe namna gani.

Juu ya mipango ya malipo, hoteli huwa na mitatu ya kawaida: malazi na kifungua kinywa peke yake, malazi na milo miwili, au malazi na milo yote. Wazo la kulipia kila kitu mara moja kabla ya safari lilipata umaarufu kupitia Club Med, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1950 na Gérard Blitz, Mbelgiji aliyefungua kijiji chake cha kwanza cha likizo katika kisiwa cha Mallorca. Linafaa pale ambapo mgeni hana mahali pengine pa kula na anakula sana. Katika Bugala hali si hiyo, kwa maana mji wa Kalangala una vibanda vya chapati, mayai na maharagwe, na watoto waliokuwa majini tangu asubuhi hawana subira ya kukaa mezani mchana. Nikiwa na watoto wadogo ningechagua milo miwili, yaani asubuhi na jioni, kisha mchana nikawatafutia rolex, ile chapati yetu iliyokunjwa na mayai, pamoja na nanasi. Kabla ya kukubali mpango wowote ni lazima kuuliza umri ambao mtoto huanza kuhesabiwa nusu na ule ambao huhesabiwa mtu mzima, kwa sababu kila hoteli ina mpaka wake.

Baadhi ya nyumba za wageni na viwanja vya kambi huruhusu wageni kujipikia kwa jiko la mkaa. Familia inayochagua njia hiyo yaweza kununua samaki mwaloni yenyewe, asubuhi mitumbwi inaporudi. Ninasisitiza jambo moja: sangara aliye chini ya sentimita 50 hakubaliki kisheria kuvuliwa, wala kumnunua si unafuu wowote, kwani ndiye ambaye angezaa samaki wa miaka ijayo. Mukene, yaani dagaa, ni wa bei ndogo zaidi na hupikwa vizuri sana kwa karanga, ijapokuwa wageni wengi hawamfikirii kuwa chakula cha likizo.

Safari nayo hula fedha kimyakimya. Wanaopitia Masaka husimama Lukaya, ambako wachuuzi hukimbilia madirisha ya magari wakiwa na kuku wa kuchoma na gonja, yaani ndizi tamu za kuchoma, na mkono wa mzazi huingia mfukoni kabla hajafikiri. Kuku yule ni mtamu na sina nia ya kumnyima mtu. Ila anayemnunua na amhesabu kuwa chakula cha mchana, siyo kiburudisho cha njiani kinachofuatwa na mlo mwingine baada ya saa mbili. Wanaopitia Nakiwogo, Entebbe, kwa meli ya MV Kalangala hukaa majini takriban saa tatu na nusu, na huo ni muda mrefu kwa mtoto mwenye njaa. Viazi vitamu vilivyochemshwa, mayai na ndizi mbivu kutoka nyumbani hutosha kabisa.

Meli hiyo kwa kawaida huondoka Lutoboka, bandari yake kisiwani Bugala, saa mbili asubuhi kurudi Entebbe, na abiria hutakiwa kuwahi. Maana yake ni kwamba kifungua kinywa cha siku ya mwisho, ambacho familia imekwisha kukilipia, mara nyingi huachwa jikoni kwa sababu meza huandaliwa wakati wageni wakiwa tayari bandarini. Jioni ya mwisho mama alirudi tena kwa mpishi wake akamwomba atufungie chakula chetu. Asubuhi, kukiwa bado na giza, tulikuta furushi sita mezani, kila moja likiwa na mayai mawili, chapati na ndizi, na juu ya furushi la mama kulikuwa na kipande cha gonja ambacho hakikuandikwa katika hesabu yoyote.